Hodi kwa Aliyebeba Daraja

Wasimulizi wanakubaliana, jambo ambalo si kawaida yao, kwamba Sultani Haidari alitawala Zimari na Sultani Mabruki akatawala Kandawi, na kati ya miji hiyo ulipita mto mkali wenye mamba, na juu yake daraja la mawe ambalo jini Sarsari alilibeba mgongoni miaka mia tatu kwa amri ya wafalme wa kale.

Jumatano moja daraja likatikisika, na sauti ikatoka chini: "Nimechoka, wala hakuna anayeniuliza hali. Masultani wenyewe wasipokuja katikati kuniomba, Ijumaa baada ya Alasiri naondoka."

Aliyelia zaidi ni Mwanakombo, binti wa mwashi wa Zimari, kwani Jumamosi alikuwa aolewe na Faki wa Kandawi, na bila daraja hapana arusi.

Ijumaa masultani wakaja kwa miavuli na matarumbeta, kila mmoja kutoka upande wake, na hatua tatu kabla ya katikati wote wakasimama. Maana mgeni ndiye apigaye hodi, na hakuna aliyekubali kuwa mgeni juu ya daraja lake mwenyewe. Waziri wa Zimari akaandika waraka kwamba bwana wake anasubiri kupigiwa hodi, akautia mihuri mitatu, akaupeleka hatua sita. Majibu yakarudi na mihuri minne. Adhana ya Alasiri ikalia, na jiwe likaporomoka mtoni.

Mwanakombo akapenya kati ya walinzi. "Maulana zangu, niwieni radhi, kesho naolewa. Hapa si kwa yeyote kati yenu. Mwenye nyumba yuko chini, na miaka yote tunampita kichwani bila hodi, kama mbuzi walioingia jikoni!"

"Kuna sheria inayokataza kumpigia jini hodi?" akauliza Sultani Mabruki.

"Hakuna, Maulana," akajibu waziri wake. "Wala inayoruhusu."

"Basi tuwahi kabla hamjaiandika."

Masultani wakapaza sauti pamoja: "Hodi!" Wakarudia: "Hodi!" Jiwe la pili likaanguka. "Hodi, bwana mkubwa! U hali gani?"

"Karibuni, karibuni!" Sarsari akanguruma kwa furaha, na daraja likainuka shubiri nzima. "Mgongo unauma, lakini sasa nimepata wageni. Siendi popote."

Akamtunza Mwanakombo kasha la yakuti, na arusi ikafanywa palepale katikati ya daraja, na miji miwili ikala sahani moja. Na funzo ni kwamba ukibebwa, msalimu anayekubeba. Mawaziri, nao, wangali wanaandikiana kuamua ndoa ile ilifungwa mji gani, na Mwanakombo na Faki wana wajukuu tisa.