Chungu cha Mtama cha Nambua

Paukwa!

Pakawa!

Nani huyo anaitikia na kiazi mdomoni? Meza kwanza, mwanangu. Paukwa!

Pakawa!

Haya. Hapo zamani za kale, watu na wanyama walipokuwa wakinywea chungu kimoja, kulikuwa na mjane mmoja mlimani, jina lake Nambua. Huko pombe ilikuwa moja tu, ya ndizi, na mkuu wa vyungu alikuwa Fisi. Siku ya mavuno kila nyumba ilipeleka chungu uwanjani. Fisi akishakunywa kata moja mbele za watu, basi, chungu kimekubaliwa, hakuna maneno tena. Nyumba isiyo na chungu, shamba lake lilichukuliwa na Fisi.

Mwaka huo migomba ya Nambua ikapata ugonjwa, ikanyauka yote. Fisi akaja mbio, akaanza kulipima shamba kwa hatua.

"Pole, mama. Hapa nitajenga zizi."

"Kajenge kwa mama yako! Chungu nitaleta."

"Cha nini? Ndizi huna."

"Nina mtama."

Fisi akacheka mpaka akakaa chini. "Mtama! Chakula cha kuku!"

Kweli, mtama ulikuwa wa kuku. Lakini Nambua aliwahi kutafuna punje zilizonyeshewa na mvua zikachipua kapuni, akazikuta tamu. Moyoni akasema, chenye utamu hakikosi kuchacha. Hakuna aliyewahi kumwonyesha jinsi ya kupika pombe ya mtama. Akalowesha mtama, akaufunika majani, ukachipua. Akauanika, akausaga, akapata kimea.

Mara ya kwanza akakitia kwenye uji unaotokota, kama mtu anayesonga ugali. Akafunika, akangoja. Ukabaki uji.

Fisi akachungulia uani. "Umeshindwa, mama?"

"Sijashindwa!"

Mara ya pili akauacha uji upoe mpaka ukawa baridi kabisa, ndipo akatia kimea. Ukanuka hata nzi wakahama.

"Umeshindwa, mama?"

"Sijashindwa!"

Lakini Fisi alipoondoka, Nambua akakaa kando ya chungu akalia. Katika shamba lile ndimo alimozikwa mumewe. Kuku wake, aliyekuwa amelalia mayai pembeni, akamkoholea.

"Mama, mimi nilinyamaza kwa adabu tu. Hivi ningeweka mayai yangu motoni, ningepata vifaranga?"

"Ungepata chakula cha jioni."

"Na ningeyaacha kwenye baridi?"

"Yangeoza."

"Sasa weka mkono hapa chini yangu."

Nambua akaweka mkono chini ya kuku. Kulikuwa na joto la kiasi, lisilounguza. Akaruka juu. "Ala! Kumbe!"

Mara ya tatu akapika uji, akauacha, akawa anaupima kwa kidole mpaka ukalingana na lile joto la kuku. Akatia kimea, akakifunga chungu kwa blanketi lake mwenyewe. Yeye akalala akitetemeka. Chungu kikaanza kunong'ona, kikatoa povu.

Fisi hakuchungulia tena. Alikuwa akikata miti ya zizi.

Siku ya mavuno ikafika. Nambua akatua chungu chake katikati ya uwanja.

"Sikinywi!" Fisi akapiga kelele. "Hiyo si pombe. Shamba ni langu!"

"Sijakukaribisha," Nambua akasema. Akachota kata, akanywa taratibu, akafuta povu mdomoni. Akachota ya pili, akampa kuku. Akachota ya tatu, akaishika tu, harufu ikatembea uwanjani. Mate yakamdondoka Fisi mpaka miguuni.

"Hebu nionje kidogo. Nijue tu ninachokikataa."

"Kidogo sina. Nina kata nzima."

Fisi akaipokea. Akanywa. Akanywa mpaka akalamba kata ndani na nje, akainua macho, akakuta uwanja mzima unamtazama.

"Amekunywa!" kuku akapaza sauti. "Amekunywa mbele za watu!"

"Lakini ni mtama!" Fisi akalia.

"Ulijua ni mtama, ukanyoosha mkono," Nambua akamwambia. "Shamba ni langu. Miti yako niachie, nitajengea banda la kuku. Na mwakani, migomba ipone isipone, naleta mtama."

Watu wakapanga foleni na kata zao. Fisi naye akaenda kusimama nyuma kabisa.

Hadithi yangu imefika chini ya chungu, na imeishia hapo.