Ufunguo wa Gari la Bi Mwanaheri

"Wanangu, hili litanifikisha?"

Bi Mwanaheri wa Muheza aliuliza hivyo akiwa ameketi kiti cha nyuma cha gari ambalo halijawa lake: gari dogo la rangi ya maziwa, lililokwisha kutumika miaka kumi na mitano. Watoto wake watatu walimsikia. Hakuna aliyejibu. Shikeni hapo, maana kesi yote iko hapo.

Kila mmoja alikuwa na kipaji. Mhina, wa kwanza, fundi wa mashine za kusaga, alikuwa na sikio. Angepita nje ya kinu akakwambia beringi ipi imechoka. Nasra, wa kati, mshonaji, alikuwa na jicho. Nyeupe mbili ambazo wewe na mimi tungeapa ni moja, yeye huzitenga. Shebughe, kitinda mimba, alinadi mitumba gulioni. Alikuwa na ulimi, na mwenye ulimi wa namna ile huujua uongo wa mwenzake kabla haujatoka mdomoni.

Figo za mama yao zilikuwa zimechoka. Kila Jumatatu na Alhamisi ilibidi afike Tanga mjini kusafishwa damu, na safari za kubanana ndani ya basi zilimrudisha mgonjwa zaidi kuliko alivyokwenda. Ndiyo maana walikwenda kwa dalali wa magari.

Mhina aliwasha injini, akainamisha kichwa. Ndani kabisa kulikuwa na kitu kinagonga, taratibu, kama mtu anayebisha hodi bila kutaka kufunguliwa. Akajiambia: nitalifungua Jumapili.

Nasra alitaka kuona buti. Dalali akacheka. "Dada, wewe kaangalie viti kama vinaendana na mtandio." Basi akaangalia viti. Akauvuta mkanda wa kiti mpaka mwisho, na pale unapojificha akaona mstari wa tope kavu. Gari hili liliwahi kuzama. Akajiambia: nitaliepusha na mvua.

Shebughe alipiga soga. "Mwenyewe mwalimu, bosi wangu," dalali alimwambia. "Nyumbani shule, shule nyumbani." Kufika kicheko cha pili, dalali huyohuyo akapiga bodi kofi: "Hili limebeba viazi vya Lushoto miaka miwili, halijalia." Shebughe akajiambia: uongo mmoja si kaburi.

Hapo ndipo mama alipofumba macho. "Leo mgongo umetulia," alisema. Kisha akauliza lile swali lake.

Sasa, nyumba ile ina desturi. Mbele ya mgeni, mkubwa husema kwanza, na wadogo hawaweki neno juu ya neno lake. Mhina alimtazama mama, akamgeukia dalali: "Tunalichukua." Nasra akafumba kiganja chenye vumbi la tope. Shebughe, mwenye ulimi, akaumeza. Kasoro moja moja kila mtu aliiona ndogo. Zote tatu zingewekwa pamoja, wangeondoka. Hazikuwekwa pamoja. Kwa sababu ya adabu, wasikilizaji. Adabu.

Wala msiniambie hawakumpenda. Miezi saba mama hakukosa Jumatatu wala Alhamisi. Mhina alishinda chini ya gari kila Jumapili. Nasra alijifunza kuendesha, cherehani ikaota vumbi. Shebughe alikaa nyuma, kichwa cha mama begani, akimnadia miti ya barabarani. "Mnazi huu, mama, gredi ya kwanza, haujavaliwa hata siku moja." Mama alicheka mpaka akamwomba anyamaze.

Mwezi wa saba akawaambia: "Nikiondoka, gari apewe mmoja tu, yule aliyenipa miezi hii. Msiligawane."

Alhamisi iliyofuata mvua ilinyesha. Karibu na Pongwe taa zilizima, injini ikazima. Mhina alifungua boneti akachana maganda ya nyaya, akakuta ndani zimeliwa na kutu ya siku nyingi. Nasra alisimama barabarani akipunga mtandio, na magari yakampita. Shebughe aliendelea kunadi miti, hadi alipotambua kuwa anainadi peke yake.

Siku ya arobaini, mjomba wao Kilua aliuweka ufunguo juu ya mkeka. "Wasia haulali nje. Nani?"

"Apewe Nasra," alisema Mhina. "Mimi nilisikia injini inagonga, nikasema tunalichukua."

"Apewe Shebughe. Mimi niliona tope, kaka."

"Apewe kaka," alisema Shebughe. "Mimi nilijua yule mtu ni mwongo, nikacheka naye."

Ilikuwa mara ya kwanza kila mmoja kusikia alichokijua mwenzake. Mjomba hakuugusa ufunguo tena. Uko pale pale mkekani, nao wamekaa wameuzunguka.

Wangesema siku ile, gari lisingenunuliwa. Mama asingefia Pongwe. Na huenda hata ile miezi saba asingeipata. Je, wewe ungeamua vipi? Nani auokote?

Nina ombi moja. Aliye mdogo kuliko wote hapa, naomba aanze yeye kusema.