Mpunga wa Keziah

Wahenga walimkanya mtu asiwatukane wakunga ilhali kwake bado kuna mimba. Maana yake ni wazi: usimbeze yule ambaye kesho utamwita akufae. Mwalimu Maxwel aliijua methali hii kwa ghibu, tena aliifunza kila mwaka. Lakini kuijua methali ni jambo moja, kuishi nayo ni jambo jingine.

Maxwel alikuwa amehamishiwa Wang'uru kutoka Nairobi, na hakuusamehe mji huo. Eti mbu wake wana vyeo. Eti kila duka huuza mchele, na lisilouza mchele huuza magunia ya kuutilia. Kila jioni alirekodi video na kuzirusha mtandaoni, na watu wa mbali walicheka mbavu zikawauma.

Iliyosambaa zaidi ni ile ya wiki iliyotangulia. Mvua ilitishia ghafla, na watu wakaukimbilia mpunga ulioanikwa kwenye maturubai kando ya barabara. Desturi ya hapo ni moja: mvua ikija, haiulizwi mpunga ni wa nani. Kinyozi huacha kichwa nusu, muuza chai huacha birika motoni. Maxwel hakukimbia, ng'o! Alisimama kibarazani na simu yake. "Karibuni Olimpiki ya Wang'uru," alitangaza. "Mwoneni shosho yule, anakimbia kama kuku aliyepokonywa kifaranga!"

Shosho huyo alikuwa Kabura, bibi kizee jirani yake. Mjukuu alimwonyesha video hiyo, naye akaitazama hadi mwisho.

Jumamosi ikafika zamu ya Keziah, mkewe Maxwel, kuanika. Yalikuwa mavuno yake ya kwanza. Miezi minne alikuwa ameinama matopeni, na gunia moja alikuwa amemwahidi mamake kule Vihiga, ambaye hakuwa amemwona tangu wahamie huku. Mchana alimfunga mtoto wao Lynn mgongoni aende mji jirani wa Kagio kutafuta magunia.

"Baba Lynn, usibanduke hapa," alisema. "Mpunga ukilowa utaota. Na mamangu hawezi kula video."

Saa tisa upepo uligeuka. Waanikaji wengine walianza kuzoa mpunga wao. Kabura alimaliza wake, akamwita Maxwel kutoka kwenye kigoda chake.

"Mwalimu, mlima umefunga kwa mawingu. Anza kukusanya."

"Simu inasema ni jua hadi jioni, shosho."

"Haya," alisema Kabura.

Haukupita muda, pembe ya turubai ikapeperuka. Tone la kwanza lilimwangukia Maxwel kwenye kioo cha simu. Alizivuta pembe mbili, turubai likagoma kusogea. Aliacha, akazoa kwa ndoo, lakini ilikuwa kama kuchota ziwa kwa kijiko. Matone yaliongezeka.

"Mvua! Nisaidieni jamani!" alipiga kelele.

Barabara nzima ilimsikia. Wahome kinyozi alitokea mlangoni, akatia mkono mfukoni, akatoa simu. Muuza chai akatoa yake. Kufumba na kufumbua simu sita zilikuwa zimemwelekea.

"Olimpiki imeanza!" mtu alisema, na kicheko kikapasuka.

Maxwel aliona aibu hadi masikio yakawaka. Maji yalianza kutiririka chini ya turubai, na ukingo mmoja wa mpunga ukamomonyokea mtaroni. Akilini alimwona mama mkwe akingoja gunia lisilokuja. Aliitupa ndoo, akamkimbilia Kabura.

"Shosho, nilikukosea mbele ya watu. Nisamehe. Si mpunga wangu huu, ni wa Keziah."

"Najua ni wa Keziah," alijibu Kabura. "Wiki ile alikimbilia wangu akiwa na mtoto mgongoni. Wewe ulikuwa ukipiga picha."

Kabura aliutupia jicho mpunga uliokuwa ukimomonyoka. Kisha akainuka, akavuta pumzi.

"Mbura!" alipaza sauti kwa Kikuyu, kama wafanyavyo mvua ikija. "Mpunga wa Keziah!"

Simu zote zilirudi mifukoni. Walikuja mbio, wakashika turubai pande zote, wakaliburuta hadi barazani kwa kinyozi. Mteja wake, kichwa nusu kipara, alisukuma kwa mabega.

Keziah aliporudi na magunia matano, alikuta mpunga wa kujaza manne. Aliuangalia mtaro, akamwangalia mumewe, akaelewa yote. Alilijaza la mamake kwanza. La tano, lililobaki tupu, alimkabidhi Maxwel.

"Hili ni lako," alisema.

Jumatatu mwalimu alisimama mbele ya darasa. Hakuhitaji mfano wa kitabuni. Aliandika polepole, kwa herufi kubwa: usitukane wakunga na uzazi ungalipo.