Kasha la Mwerezi la Bi Rahmiya

Alikuwako Sultani Ghalibu bin Shadhili, mtawala wa mji wa Rasi Anbari, na katika mji ule ilikuwako ada ambayo hata yeye hakuthubutu kuivunja: mtoto wa kike akizaliwa, baba yake husokota misokoto minene mia moja ya tumbaku na kuihifadhi katika kasha la mwerezi hadi siku ya harusi, na umri wa tumbaku usipolingana na umri wa bibi harusi, hakuna ndoa.

Basi Mahfudhi, mfanyabiashara wa marashi, alimsokotea binti yake Nuwayra, lakini kwa uzembe wake aliliacha kasha juani, na tumbaku ikakauka na wadudu wakaitoboa yote. Akasokota upya binti akiwa na miaka kumi na miwili, akanunua kasha jingine, akamkabidhi mkewe, Bi Rahmiya, na tangu siku ile hakuligusa. Bi Rahmiya ndiye aliyebadilisha kila Ijumaa maji ya bakuli lililokaa ndani ya kasha ili tumbaku isikauke, na kufungua kifuniko hewa iingie, na kufuta ukungu kwa kitambaa, na kuigeuza misokoto mmoja baada ya mwingine.

Nuwayra alipotimiza miaka kumi na minane, mwana wa Sultani akamposa, naye binti alimpenda hata chakula kikawa hakipiti kooni. Tumbaku ilikuwa ya miaka sita tu. Bi Rahmiya alipotoka kwenda kwa majirani, Mahfudhi akalifungua kasha, na moshi ukatoka pasipo moto, ukawa jini mwenye ndevu za rangi ya majani makavu.

"Mimi ni mtumishi wa kasha hili," akasema jini, "na haja yako naijua. Lakini umri hauumbwi, ewe bwana, huhamishwa tu. Nitautoa kwa mwenye kasha."

"Utoe kwangu," akasema Mahfudhi, na wallahi alisema kwa moyo safi. "Mwenye kasha ni mimi. Chukua miaka kumi na miwili."

Jini akainama, na tumbaku ikaiva palepale. Harusi ikafanyika siku ya saba, na Sultani akavuta msokoto wa kwanza, akafumba macho kwa utamu, akamtunukia Mahfudhi mashamba na farasi arobaini.

Siku ya nane Bi Rahmiya hakuweza kuinuka kitandani. Mahfudhi akalikimbilia kasha, akamlaumu jini.

"Sikukudanganya," akasema jini. "Wewe ulinunua mbao. Aliyeninywesha miaka sita ni yeye, na alikuwa amebakiwa na miaka kumi na miwili na siku nane."

Mahfudhi akaenda akapiga magoti kando ya kitanda, akamweleza mkewe yote huku akilia.

"Nilijua niliponusa," akasema Bi Rahmiya. "Tumbaku ya miaka sita hainukii asali. Usimwambie Nuwayra, mume wangu, mwache ale raha zake. Na kesho ni Ijumaa. Maji yasiwe ya chumvi."

Akafa kabla ya alasiri.

Mahfudhi aliishi sana, tajiri kupita kiasi, na kila Ijumaa alibadilisha maji kwa mkono wake, ingawa kasha lilikuwa tupu. Nami niliyewasimulia sina la kuongeza ila hili: mtazame anayebadilisha maji nyumbani mwako, umjue angali hai.