Donge la Kalunde

Hapo zamani, na msidhani nasema zamani za wafalme na majini, maana wenye kisa hiki bado wanakula ugali, alikuwako mwanamke wa Unyamwezi aitwaye Nyamizi. Alikuwa na binti mmoja tu, Kalunde, wa miaka mitatu. Mumewe, Maganga, alikuwa porini kwenye mizinga yake ya nyuki.

Siku moja akimwogesha mtoto, mkono wake uligusa kitu kigumu chini ya mbavu za kushoto. Akaosha tena, kingali kipo. Akamwita mama mkwe wake, Bibi Nyanzala.

"Bandama hilo," akasema Bibi. "Homa za masika. Baba yake nilimkanda likarudi, na huyu nitamkanda."

Akamkanda kwa mafuta ya nyonyo, asubuhi na jioni. Akikandwa, Kalunde analia. Akilia, Bibi anaimba. Bibi akiimba, Nyamizi anatoka nje kutwanga. Mwezi ukapita, tumbo likazidi.

Ndipo Nyamizi akambeba mtoto hadi hospitali. Daktari Shilinde alikuwa peke yake, na foleni imefika getini. Akabonyeza tumbo, akaandika: aangaliwe bandama. Akampeleka kwa mpiga picha za ultrasaundi, Bwana Kapaya.

Kapaya akapaka tumbo jeli ya baridi, akatembeza kifaa chake, akatazama kioo. Bandama aliliona, dogo, mahali pake. Lakini chini yake, kwenye figo, palikuwa na donge kubwa kuliko ngumi ya mtoto mwenyewe. Kwa miaka kumi na minne ya kazi alikuwa ameliona donge la namna ile mara moja tu. Akajua ni la hatari. Lakini hospitali ile ilikuwa na mwiko wake: mpiga picha hujibu alichoulizwa, ugonjwa huutaja daktari. Mwenzake aliwahi kuutaja, akahamishiwa stoo. Basi Kapaya akaandika: bandama ni zima. Kisha akachora duara kuzunguka donge, akaibana picha nyuma ya karatasi.

Nyamizi akaliona duara. "Hili ni nini, kaka?"

"Daktari atakueleza, dada," akasema Kapaya, bila kumtazama usoni.

Daktari akasoma karatasi. Picha hakuifunua, kwani mlango ulikuwa unagongwa. "Bandama ni zima, mama. Ni minyoo tu," akasema, akaandika dawa. Swali la lile duara lilikuwa mdomoni mwa Nyamizi, akalimeza. Aliogopa jibu. Tena nisiwafiche, alifurahi, akatoka mle mwili mwepesi.

Nyumbani Bibi aliposikia bandama ni zima, alisema mikono yake ndiyo iliyolirudisha. Akazidisha kukanda. Siku ya tisa tumbo likakaza kama ngozi ya ngoma, na midomo ya mtoto ikapauka. Wakakimbilia hospitali ya mkoa, akapigwa picha nyingine. Donge la figo lilikuwa limepasuka ndani kwa ndani. Madaktari wakasema donge kama hilo likikutwa mapema hukatwa, mtoto akapewa dawa, na wengi hupona. Wakasema pia kwamba tumbo la namna hiyo halikandwi. Kalunde alikufa kabla ya adhuhuri.

Maganga alirudi siku ya pili ya matanga, akaambiwa waliyosema madaktari. Hakulia. Alisimama mbele ya wafiwa akasema, "Aliyeniulia mtoto asiketi kwenye mkeka wangu. Ainuke mwenyewe."

Bibi Nyanzala akasema, "Mwanangu, mikono ni hii. Lakini ndiyo iliyokukanda wewe ukapona. Ningejuaje?"

Kapaya, aliyekuja kuhani, akasema, "Mimi niliona, nikachora. Kusema sikuruhusiwa. Nina watoto, niliogopea kibarua changu."

Daktari Shilinde, naye aliyekuja kuhani, akasema, "Mimi niliruhusiwa kusema, ila sikutazama. Siku ile nilikuwa na wagonjwa mia na kumi, nikaamini maandishi."

Nyamizi alikuwa wa mwisho. "Hawa kila mmoja aliona kipande," akasema. "Mimi niliona vyote. Nilisikia alivyolia akikandwa. Niliona duara. Nilimwona mtu akikwepa macho yangu. Nami sikuuliza, mume wangu, kwa sababu sikutaka kuambiwa."

Kisha wote wanne wakainuka, na mkeka ukabaki mtupu.

Wazee wa ukoo wakakataa. Wakasema mkeka wa matanga hauachwi bila watu, marehemu atakosa wa kumlilia. Wakaamua watatu waketi, na mmoja, atakayetajwa na Maganga, aende zake na asirudi katika nyumba ile. Maganga, ambaye tangu masika hakuwa amemshika mwanawe tumbo wala mkono, akawatazama mmoja mmoja. Macho yake yakafika kwa mkewe, yakatulia hapo.

Nanyi mnaotikisa vichwa, mkisema nyinyi mngeuliza, msiniachie mzigo huu peke yangu. Maganga amesimama, anangoja. Je, kati ya wanne hao, nani aondoke?