Hatua Mia za Hango

Mtu mmoja alikuwa na timu ya mpira, na timu yenyewe ilikuwa na mguu mmoja. Mtu huyo aliitwa Ntandu, fundi baiskeli wa kijiji cha Mtamba, mahali penye alizeti nyingi kuliko watu. Miguu mingine ishirini na moja ilikuwepo, msinikatize, lakini hiyo ilikuwa ya kukimbilia tu. Mguu wenyewe ulikuwa wa kulia, na mwenye nao alikuwa Hango, nahodha, kaka wa mkewe Ntandu.

Hango alikuwa akisimama katikati ya uwanja kama mtu anayesubiri aletewe chai. Mpira ukimfikia aliutazama kidogo, akautuma, nao ukaenda ulikotumwa. Ulipita juu ya vichwa vya watu wazima wenye familia zao, ukashuka mbele ya winga taratibu, kama kuku anavyokalia mayai. Winga hakuwa na kazi ila kufunga na kushangilia. Mtamba walishinda hivyo miaka mingi, na watoto waliozaliwa miaka hiyo walidhani kushindwa ni ugonjwa wa vijiji vingine.

Sasa pale Mtamba kulikuwa na desturi. Kamba ya kupimia hawakuwa nayo, na wangeipata wangeifungia mbuzi. Mvua za kwanza zikinyesha, kabla mtu hajashika jembe, nahodha alisimama kwenye goli la juu, lile la upande wa kisima, akahesabu hatua mia kushuka chini. Kijiji kizima kilimfuata nyuma kikiimba. Hatua ya mia ilipotua, hapo palichimbiwa goli la pili, kwa sababu milingoti ya mwaka uliopita ilikuwa imeshaliwa na mchwa. Kisha watu walitawanyika kwenda kulima, na mwenye shamba nyuma ya goli alilima mpaka kwenye mstari. Uwanja ni hatua mia za nahodha. Ndivyo walivyoachiwa na waliotangulia, na hakuna aliyewahi kuuliza waliotangulia walipima kwa miguu ya nani.

Miaka ikapita, maana ndiyo kazi yake. Goti la Hango likaanza kuongea, likaendelea kulalamika, mwishowe likawa linadai posho. Tumbo likamtangulia kufika kila alikokwenda. Hatua zake zikafupika, zikawa kama za mtu anayepita chumba alicholala mtoto. Lakini mia ni mia. Alihesabu kwa sauti, hakuruka hata moja, wala hakumdanganya mtu. Goli la chini tu ndilo lililokuwa likisogea juu mwaka hadi mwaka, kidogo kidogo, kama mgeni anayevuta kigoda kukisogelea chungu.

Na pasi za Hango zikaendelea kufika. Watu wakasema, mnaona, dhahabu haishiki kutu. Zingeachaje kufika, na goli linakuja lenyewe kuzipokea? Hata aliyeikimbia shule darasa la nne angeliona hilo, isipokuwa hao wa darasa la nne nao walikuwa nyuma ya Hango, wakiimba.

Aliyeimba kuliko wote alikuwa Mama Mwiru. Shamba lake lilikuwa nyuma ya goli la chini. Kila goli lilipopiga hatua kwenda juu, yeye alilifuata na jembe, na sasa alizeti yake ilikuwa ya kwanza kijijini kwa wingi. Siku za mechi alikaa mbele kabisa na kitenge chake kipya. Wengine wakinong'ona kwamba nahodha amechoka, yeye aligeuka polepole akawauliza, "Amechoka wapi, kwenu au kwake? Hango ndiye nahodha mpaka tumzike, na hata siku hiyo atakuwa mbele."

Timu ngeni zilipolalamika kwamba uwanja umebana, Mtamba waliwajibu kwamba wao wamezoea kukimbia ovyo kama mbuzi walioona fisi. Kombe lilitolewa na mwenye kinu cha kukamua alizeti wa hapo hapo Mtamba, basi mechi zote zilichezwa hapo hapo. Nao wakashinda zote. Anayecheza chumbani kwake asiposhinda, huyo si wa kufundishwa, ni wa kuombewa.

Palikuwa na kijana aitwaye Mughwai. Huyu alikuwa na mguu kama ule wa Hango wa zamani, na mdomo uliouzidi mguu kwa urefu. Alisema yeye anaweza kumpasia mtu aliye kijiji cha pili. Tatizo ni kwamba ndivyo alivyofanya. Kila alipopiga pasi ndefu, ilimpita winga, ikalipita goli, ikazama kwenye alizeti ya Mama Mwiru. Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. "Huyo anawapasia njiwa," walisema. Ntandu akamweka benchi, akamwambia kwa upole wa kocha mkubwa, "Mdogo wangu, nguvu unazo. Jifunze kipimo. Mtazame Hango." Mughwai akamtazama Hango misimu miwili mizima, na hakujifunza kitu ila namna ya kukunja uso.

Mwaka huo diwani aliamua fainali ichezwe makao makuu ya kata, ili watu wengi wamwone akikabidhi zawadi. Uwanja wa kule ulipimwa na mafundi wa barabara, kwa kamba. Zawadi ilikuwa ng'ombe dume mwenye nundu kama mlima mdogo. Wazee wa Mtamba hawakungoja mechi. Walimgawana palepale angali hai: kichwa kwa hawa, mapaja kwa wale, nundu kwa Hango.

Wiki ya fainali, mazoezini, Mughwai akapiga tena mpira ukazama kwenye alizeti. Timu ilikuwa na mpira mmoja tu, kwa hiyo Ntandu akaingia mwenyewe kuufuata, huku akilaani kimoyomoyo. Aliingia ndani sana, mpaka sauti za wachezaji zikafifia. Mara mguu ukagonga kitu, akaanguka kifudifudi, na alizeti zikamwinamia kama watu waliofika msibani. Alipopapasa akakuta kisiki cheusi, kigumu, kilichowashinda mchwa. Alikifahamu. Mlingoti wa goli wa mpingo, aliouchimbia yeye mwenyewe siku Hango alipohesabu hatua mia kwa mara ya kwanza. Juu yake hapakubaki kitu. Palikatwa zamani na mtu aliyetaka mchi.

Na mpira wa Mughwai ulikuwa umetulia mbele ya kile kisiki, hatua chache tu, pale pale ambapo winga mwenye akili angekuwa amesimama.

Ntandu akakaa chini. Akatazama kisiki, akatazama juu kwenye goli la sasa, lililokuwa mbali kule likionekana dogo kati ya mashina. Hapo ndipo alipoelewa kwa mpigo mmoja miaka yote ile, nyimbo zote zile, na kicheko chote alichochekwa yule kijana. Akiwa bado amekaa, Mama Mwiru akatokea kati ya mistari na jembe begani.

"Kocha," akasema, "unatafuta mpira au unatafuta ugomvi?"

"Mama, uwanja wetu ulikuwa unafika hapa."

"Hata mimi kiuno changu kilikuwa kinapita kwenye pete," alisema Mama Mwiru. "Chukua mpira wako, usinivunjie alizeti."

Ntandu akaenda nyumbani akiwa na ukweli, na ukweli una uzito kuliko gunia, maana gunia mtu anaweza kukupokea. Mkewe, Nyambi, mama yake Njiku, alikuwa akitwanga. Mchi ulipanda na kushuka, mweusi, unang'aa, wa mpingo. Ntandu akautazama ule mchi kwa muda mrefu kuliko mume anavyopaswa kutazama mchi.

"Mama Njiku," akaanza, "hii fainali nilikuwa nafikiri Hango apumzike kidogo, halafu yule kijana..."

Mchi ukasimama hewani. "Ukimtoa kaka yangu," Nyambi akasema bila kupaza sauti, "ukale kwa Mughwai."

Ntandu alikuwa mtu wa vipimo. Akapima. Ng'ombe wa diwani alikuwa makao makuu ya kata, na ugali ulikuwa jikoni. Jumamosi Hango akaanza, na kitambaa cha unahodha mkononi.

Mnataka kujua kilichotokea. Mnakijua. Mpira ulimfikia Hango, akautazama kidogo, akautuma kama alivyoutuma siku zote, nao ukaenda mpaka nusu ya safari, ukakaa. Winga alikuwa mbali mbele, amenyoosha mguu, kama mtu anayemsubiri mgeni kituoni wakati mgeni bado anachagua shati. Vijana wa makao makuu wakauokota ule mpira, wakaondoka nao. Wakafunga. Hango akatuma wa pili, ukakaa karibu na pale pale. Wakafunga. Kufikia mapumziko yalikuwa matatu, na mashabiki wa kule wakawa wanauhesabia mpira hatua kwa sauti, wakisema mzee, nenda ukausukume. Mtu aliyepigiwa vigelegele miaka yote akawa anachekwa na watoto wanaokula miwa.

Mapumziko, Hango akakaa chini, goti limevimba kama boga. Akamwita Ntandu karibu.

"Shemeji, hawa watu wameongeza uwanja. Nenda kalalamike."

Ntandu akatazama huku na huku. Nyambi alikuwa jukwaani, mbali. Mchi ulikuwa nyumbani. Akachuchumaa.

"Hakuna aliyeongeza, shemeji. Sisi ndio tuliokuwa tukiupunguza, mwaka hadi mwaka, wewe ukihesabu na sisi tukiimba."

Hango aliligeukia goli la kule, akaliangalia kama mtu anayeangalia nyumba aliyowahi kuishi. Akauliza taratibu, "Umelijua hili lini?"

"Juzi. Kwenye alizeti."

"Ukaniacha niingie."

Jibu lilikuwa ugali, kwa hiyo Ntandu akaanza kumkanda goti.

"Ungeniambia nyumbani," Hango akasema, "ningekaa benchi na heshima yangu, nikamfundisha huyu mpumbavu asimame wapi. Sasa nimekaa chini na goti." Akafungua kitambaa cha unahodha, akamfunga Mughwai mkononi, akakikaza mpaka kijana akakunja uso.

Mughwai akaingia. Pasi yake ya kwanza ikaruka kama zile zote zilizochekwa, na ikashuka mguuni kwa winga. Mtamba hawakushangilia mara moja, kwa sababu macho yao yalikuwa yameshakimbilia kwenye alizeti, na alizeti haikuwepo. Likaingia moja. Likaingia la pili. Wakawa wanalitafuta la tatu filimbi ilipolia. Diwani akakabidhi ng'ombe kwa wenyeji, akapigwa picha. Nundu ya Hango ikaondoka ikitikisika, ikiwa bado juu ya mgongo wa mwenyewe.

Ntandu alikula kwa Mughwai wiki mbili. Mama yake Mughwai hakuwa mpishi.

Mvua zikaja tena, na nahodha mpya akasimama kwenye goli la upande wa kisima. Kijiji kikajipanga nyuma. Mughwai akaanza kuhesabu, na kwa kuwa alikuwa Mughwai, hakutembea. Aliruka, kama mbuzi anayevuka mfereji. Hatua ya sitini ilimkuta amekwishakipita kisiki cha mpingo, na kwa mwendo ule goli la pili lingesimama kwenye uwanja wa kinu, kati ya mashudu na wateja. Watu walimfuata wakiimba, maana kuimba ndiko walikozoea. Hango, aliyekuwa nyuma na fimbo, akapiga mluzi.

"Tembea, bwana," akasema. "Na wewe goti lako linakuja."

Kuimba kukakoma. Ntandu, ambaye safari hii alikuwa ameshakula nyumbani na kushiba, akatoa kamba ya mkonge kwenye sanduku la baiskeli. Ncha moja akampa Hango aishike kwenye goli la kisima, asimame tu, kazi isiyohitaji goti. Yeye akaivuta nyingine mpaka kwenye kisiki, akafunga fundo, na kamba ikaenda kuhifadhiwa kwa Hango. Toka siku hiyo nahodha yeyote, awe mrefu, awe mfupi, awe na tumbo, awe na mdomo, anaukuta uwanja umeshapimwa.

Mama Mwiru alisimama kando akitazama mstari mpya ukipita katikati ya matuta yake. "Hango alikuwa na huruma," akasema. "Kamba haina."

Basi wenye timu, na wenye maduka, na wenye makanisa na misikiti, na wenye vyama, sikieni. Siku ya kumpumzisha nyota si ile anayoanguka mbele ya watu. Ni ile ya kwanza mliyolisogeza goli ili asianguke. Na wewe unayecheka hapo mwisho, goli lako limeshasogea kiasi gani, na ni alizeti ya nani inayoota pale lilipokuwa?