Asili ya Kiganja cha Nyongeza

Njoni karibu, enyi watu wa soko, ninyi muuzao nanyi mnunuao. Tueni mizigo, tulizeni ndimi, na kila mwenye sikio alitege. Neno la leo halibagui: litamgusa mwenye duka, nalo litamgusa mwenye kikapu.

Hapo kale, katika nchi ya Ugogo, uwele ulipokuwa ukinunuliwa kwa chumvi, hapakuwa na nyongeza. Muuzaji alijaza kibaba, akakisawazisha kwa kijiti, akaufunga mkono wake kama mlango wa ghala. Na katika wauzaji wote hapakuwa na mkono uliofungwa zaidi kuliko wa Chidumule. Mwenyezi Mungu alimjalia kidole gumba kinene kama muhogo uliokomaa, wala hakumjalia ili apimie. Lakini Chidumule, kila alipopima, alikitumbukiza kidole hicho ndani ya kibaba, akakifukia kwa uwele, kisha akasema kwa upole wa njiwa, "Kimejaa, mama. Shuhudia mwenyewe." Alipomimina, uwele ulikwenda kwa mteja, kidole kikarudi kwa mwenyewe.

Ghala lake likanenepa kwa muda. Kisha wateja wakaanza kupungua, maana wenye miguu yenye nguvu walikwenda soko la mbali. Chidumule alipoona uwele unaliwa na fukusi, alisema kwamba watu wa siku hizi wamepoteza hamu ya kula.

Waliobaki ni wale wasioweza kwenda mbali, na mmoja wao alikuwa Mbeleje, mjane mwenye watoto wanne. Siku moja alifika na kikapu chake, akasalimu kwa adabu.

"Baba, leo nimefuata kidole changu."

"Kidole gani, mama?"

"Hicho. Umekipima pamoja na uwele wangu tangu masika, nami nimekulipa chumvi ya kibaba kizima. Uniwie radhi, nimekuachia mali yangu muda mrefu."

Soko lilicheka hata mbuzi wakageuka. Chidumule akakimbilia kwa Mzee Ndahani, mwamuzi wa soko, naye alifikiri, akafikiri tena, akaamua: "Aliyelipa kibaba amenunua kila kilichomo ndani ya kibaba."

Chidumule akauficha mkono kwapani. "Kwa hiyo kitakatwa?"

"Kidole kilichokatwa hakisongi ugali," akasema Mbeleje. "Nakitaka kizima."

Basi kidole kikatangulia, mkono ukakifuata, na Chidumule mzima akaufuata mkono. Nyumbani kwa mjane kidole kilichota maji, kikachanja kuni, kikasaga uwele hata kikatoka lengelenge. Watoto waliagizwa kukiamkia. "Shikamoo, kidole cha mama," wakasema, nacho kikaitika marahaba kwa sauti ya mtu aliyekabwa na mfupa.

Jioni Mbeleje alipakua ugali. Mgeni alipewa kwanza, tena fungu kubwa, kwa kuwa mjane yule alimcha Mungu hata mbele ya aliyempunja. Wakafuata watoto. Ilipofika zamu ya Nyemo, kitinda mimba, chungu kilikuwa kitupu.

"Mbona huyu hali?" akauliza Chidumule.

"Fungu lake limebaki dukani kwako, baba. Kila siku fungu moja hubaki huko, na wanangu hukosa kwa zamu. Leo ni zamu yake."

Mjane hakulisema kwa hasira, na ndiyo maana lilichoma. Chidumule akasukuma chakula chake mbele ya Nyemo, akainamisha uso. Aibu ikamfunika, na aibu ile ilikuwa rehema.

Siku ya gulio Mbeleje alimwachilia arudi dukani na kidole chake, naye akapima kidole kikiwa nje. Kibaba kilipojaa, alichota kiganja kimoja, akakimimina juu. Bibi wa kwanza akarudi nyuma. "Una homa, baba?" Wauzaji wenzake wakambeza: "Huyu atafilisika kabla ya mavuno." Yeye akaendelea. Alitoa mawe katika uwele, akamuuliza kila mteja anakwenda kupika nini. Mwenye mgonjwa wa kunywa uji akampa uliopepetwa vizuri, mwenye kualika wakulima akamjazia zaidi. Waliohamia soko la mbali wakarudi, wakaja na jirani zao, na ghala lililotoa halikukauka. Ndipo waliombeza wakaanza nao kuongeza, wengine kwa toba, wengine kwa hofu ya kubaki na nzi.

Na tangu siku hiyo mnunuzi akishapimiwa hafungi mfuko wake. Huuacha wazi, akatazama kando kama mtu asiyengoja kitu, mpaka kiganja cha nyongeza kishuke.

Nawe uliyeketi hapa umeinamisha kichwa, unamjua uliyempunja, na unaijua njia ya kwake. Usingoje aje kukudai. Inuka, mfuate, mjazie mfuko wake, umwombe radhi mbele ya watoto wake. Geuka leo, soko lingali wazi.